Kazi ya Pili ya Dereva: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Treni za Viwanja vya Ndege

Kwenu wakurugenzi wa viwanja vikubwa vya ndege, wahandisi wa usafiri, na nyote mnaotia saini mikataba ya treni za umeme zinazojiendesha zenyewe,

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka juzi alisafiri peke yake kwa mara ya kwanza, kuja kumwona mjukuu wake. Safari ilimlazimu kubadilisha ndege katika kiwanja kikubwa ambacho majengo yake ya abiria yameunganishwa kwa treni isiyo na dereva. Sitakitaja kiwanja hicho, kwa sababu yaliyomkuta pale yangeweza kumkuta kwingineko. Alikuwa na muda wa saa tatu kabla ya ndege yake ya pili. Alishuka kwenye ndege, akafuata watu, akaingia kwenye treni pamoja nao. Milango ikafunga, treni ikaondoka. Kituo cha kwanza kikapita, cha pili, cha tatu. Treni ikafika mwisho wa njia, ikarudi ilikotoka, naye akarudi nayo. Kisha ikaenda tena. Kisha ikarudi tena. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakushuka, akanijibu kwa mshangao wa kweli: "Nilikuwa namsubiri kondakta aniambie."

Naomba jibu hilo mlisome polepole. Katika kila chombo alichowahi kupanda maishani, basi, meli, hata ndege aliyokuwa ameshuka muda mfupi kabla, kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani anashuka wapi. Aliamini mtu huyo yupo humo pia, labda kwenye behewa la mbele, labda anakuja. Sauti ilikuwa ikisema jambo kila milango ilipofunguka, lakini ilisema kwa lugha mbili ambazo yeye hazijui. Maandishi yalikuwapo, na herufi za malango pia. Yeye anasoma, ila hakujua kwamba zile herufi zilikuwa zinamhusu. Ndege yake ya pili iliondoka akiwa bado anazunguka.

Nimeutumia muda mwingi tangu siku ile kusoma habari za treni hizi, kwanza kwa hasira, halafu kwa heshima ambayo sikuitarajia. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayetaka dereva arudishwe. Simtaki arudi. Ninachotaka kusema ni kwamba dereva alikuwa na kazi mbili, na nyinyi mmekabidhi moja tu.

Kazi ya kwanza, ile ya kuiendesha treni, mmeikabidhi vizuri sana. Kiwanja cha Tampa, Marekani, kilifungua treni zake ndogo za kujiendesha mwaka 1971, kikiwa cha kwanza duniani kufanya hivyo. Ndege za jeti zilikuwa zimekua, mabawa yake yalitaka nafasi, na majengo ya abiria yakalazimika kutawanyika hadi mtu mwenye begi akawa anatembea umbali wa kukatisha tamaa. Waliobuni Tampa walisema abiria asitembezwe, apelekwe. Seattle-Tacoma wakafuata mwaka 1973 kwa treni za chini ya ardhi, Atlanta mwaka 1980, Gatwick kule Uingereza mwaka 1983, Changi ya Singapore mwaka 1990. Zaidi ya nusu karne sasa, na mtu anayepanda treni hizi leo hafikirii hata kidogo kwamba mbele hakuna mtu.

Na ni sawa asifikirie. Kompyuta zinazoziongoza zinajua kila treni iko wapi na inakwenda kasi gani. Ikipotea ishara, hata kwa muda mfupi tu, mfumo haukisii: unafunga breki. Milango ya behewa na ile ya kioo iliyopo ukingoni mwa kituo hufunguka pamoja baada ya treni kusimama mahali pake sawasawa, na treni haiondoki mpaka yote ifungwe. Nyingi kati ya treni hizi hutembea kwa matairi ya mpira juu ya njia ya zege, nyingine hukokotwa kwa kebo. Treni ya kiwanja cha John F. Kennedy, New York, iliyofunguliwa Desemba 2003, husukumwa kwa nguvu ya sumaku kati ya mota zilizo chini ya behewa na bamba la chuma lililolazwa katikati ya reli. Hazitoi moshi, usiku na mchana hazichoki, na kila baada ya dakika chache nyingine inakuja. Zimeondoa mabasi ya dizeli yaliyokuwa yakizunguka mlangoni mwa kila jengo. Ningekuwa mwongo kama ningesema dereva aliyechoka saa tisa usiku angefanya vizuri zaidi.

Lakini yule dereva, au kondakta, au mtu yeyote mwenye sare, alikuwa pia ni mtu aliyekuwepo. Hiyo ndiyo kazi ya pili. Alimwona bibi anayekimbia akachelewesha mlango kwa sekunde tano. Alitazama kwenye kioo kama yule mwenye mkongojo amekwisha kushika nguzo. Alimwona mgeni aliyepanda mara ya pili bila kushuka, akajua bila kuambiwa kwamba huyu amepotea. Kazi hii haikuandikwa kwenye mkataba wa mtu yeyote, ndiyo maana ilipoondoka hakuna aliyeiona ikiondoka. Hesabu ya mishahara iliyookolewa ilikuwapo kwenye karatasi. Kilichokwenda pamoja na mishahara hiyo hakikuwapo.

Wataalamu wana ngazi za kupima jinsi treni inavyojiendesha, na ya nne ndiyo ya juu kabisa: hakuna mfanyakazi yeyote ndani. Treni nyingi za viwanja vya ndege ziko hapo. Ngazi ya tatu, ile ya treni kujiendesha huku mfanyakazi yupo ndani, huwa haitajwi sana, labda kwa sababu inasikika kama hatua ya watu ambao hawajafika. Mimi naiona kuwa ngazi ya watu waliofikiri. Mfano upo London. Treni za Docklands Light Railway zilianza kubeba abiria mwaka 1987, hazina chumba cha dereva, mtoto anaweza kukaa kiti cha mbele kabisa na kutazama njia. Hata hivyo ndani ya kila treni yupo mfanyakazi. Anasimamia milango, anajibu maswali, na mfumo ukishindwa anaweza kuiendesha treni mwenyewe. Mwaka 2005 njia hiyo ilifika hadi kiwanja cha London City. Kompyuta inaendesha, na mtu yupo. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kuwepo kwake kumeifanya treni hiyo kuwa ya kizamani.

Najua mtakachojibu: gharama. Kuweka mtu kwenye kila treni inayopita kila baada ya dakika mbili ni watu wengi. Nakubali. Kwa njia fupi ya ndani ya kiwanja sidai mtu kwenye kila treni. Nadai mtu kwenye kila kituo, saa zote kituo kinapokuwa wazi, mwenye sare inayoonekana, asiyeuza kitu na asiyekagua kitu. Vituo vyenu ni vitano, sita, kumi. Mtu mmoja kwenye kituo anaziona treni zote zinazopita hapo. Angemwona mama yangu akipita mara ya pili ameshika begi lake mapajani, na mara ya tatu angeingia ndani kumuuliza.

Mtasema pia kwamba kamera zipo. Ni kweli, na ndilo jambo lililoniuma kuliko yote nilipolifikiria. Mama yangu alipita mbele ya kamera zenu katika kila kituo, kwenda na kurudi, mara kadhaa. Picha zake zilikuwapo. Hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumtazama. Watu wa chumba cha udhibiti wanaangalia treni: iko wapi, mlango gani umegoma, umeme uko sawa. Abiria aliyekaa kimya kwenye kiti si hitilafu, kwa hiyo hawashi taa yoyote nyekundu.

Hayo ni ya siku ambayo kila kitu kinafanya kazi. Sasa niwaulize kuhusu siku ambayo treni inasimama katikati ya handaki.

Nimejifunza kwa nini abiria hufungiwa ndani wakati huo, na sababu ni nzuri. Kwenye mifumo mingi umeme unatoka kwenye reli ya pembeni yenye volti mamia. Mtu akifungua mlango kwa nguvu na kushuka gizani, anaweza kuukanyaga umeme huo, au kukutana na treni ya njia ya pili ambayo haijui kwamba yupo. Kwa hiyo chumba cha udhibiti lazima kisimamishe treni nyingine, kikate umeme wa sehemu hiyo, kihakikishe umekatika, ndipo wafanyakazi waje kwa miguu kwenye njia nyembamba ya pembeni kuwatoa watu. Betri zinabaki zikiwasha taa chache na kusukuma hewa. Kipaza sauti kinafanya kazi. Yote hayo yamepangwa, na aliyeyapanga aliwaza maisha ya watu.

Ila abiria hajui hata moja kati ya hayo. Anachojua ni kwamba treni imesimama, hakuna mtu, na dakika zinapita. Kama angekuwepo mtu mmoja behewani angesema sentensi moja tu: umeme lazima ukatwe kwanza, tukae, wanakuja. Watu wangekaa. Bila sentensi hiyo, dakika ya tano mtu wa kwanza anaanza kuugusa mlango, na dakika ya kumi mtu wa pili anamsaidia. Wahandisi, mmejenga breki ambayo haimtegemei binadamu, halafu mkaacha usalama wa dakika ya kumi umtegemee abiria asiye na habari. Nawaomba mwandike, kwa kila mfumo mnaousimamia, nani anaongea na abiria katika dakika ya kwanza, anasema nini, na kwa lugha zipi. Tangazo lililorekodiwa linalosema "tunaomba radhi kwa kuchelewa" haliwezi kuwa jibu. Halimwambii mtu kwa nini asifungue mlango.

Na kuna suala la miguu. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo uamuzi mmoja wa siku ya kwanza unapowafunga watu kwa miaka mingi.

Atlanta ni kiwanja kilichoongoza duniani kwa idadi ya abiria karibu kila mwaka tangu 1998. Treni yake ya chini ya ardhi inabeba umati ambao miji mingine haina kwenye reli zake zote. Kama kuna kiwanja ambacho kingeweza kusema "kila mtu atapanda treni, basi," ni hicho. Lakini waliokijenga waliweka pembeni ya treni njia ya kutembea kwa miguu, handaki refu lenye mikanda ya umeme ya kukusogeza, linalounganisha majengo yote. Ukitembea kati ya jengo la kwanza na la pili unapita kwenye sanamu za mawe kutoka Zimbabwe, zimesimama pale chini ya ardhi kana kwamba zinasubiri ndege. Treni ikikwama, watu wanatembea. Mwenye hofu ya kufungiwa anatembea. Mwenye saa tatu za kusubiri naye anatembea, anyooshe miguu.

Denver ilifunguliwa Februari 1995, miaka kumi na mitano baada ya Atlanta, na wajenzi wake walikuwa na mfano huo mbele yao. Lipo daraja la kutembea hadi jengo A. Kwenda B na C, njia ya abiria ni treni. Treni ile imefanya kazi kubwa na ya kusifiwa, lakini imekwama zaidi ya mara moja, na kila inapokwama maelfu ya watu wanajazana kwenye ukumbi mmoja wakisubiri, kwa sababu hakuna mlango mwingine wa kuwapitisha. Mabasi huletwa kuwazungusha nje. Kiwanja kizima kinashikwa koo kwa hitilafu ya kitu kimoja. Tangu hapo kumekuwa na mijadala ya njia mbadala, na kila miaka inavyopita kuchimba chini ya kiwanja kinachofanya kazi kunazidi kuwa kugumu.

Nimeviweka viwanja hivi viwili pamoja kwa sababu tofauti yao haikutokana na teknolojia. Treni zao zinafanana vya kutosha. Tofauti ni kwamba upande mmoja kuna aliyekaa mezani akauliza, "na ikisimama?", na akasikilizwa hata alipoambiwa kwamba handaki la pili ni fedha nyingi. Ninyi mnaochora leo, mwekeni mtu huyo mezani. Na kama kiwanja chenu kimekwisha kujengwa bila njia ya miguu, basi mipango ya mabasi iwe ya kweli: madereva waliopo kazini siku hiyo, milango iliyokwisha kuamuliwa, vibao vilivyokwisha kuchapwa.

Kuna jambo jingine ambalo maneno yenu ya matangazo yanalificha. Mnasema "treni zinajiendesha" na watu wanadhani hazina watu. Zina watu wengi, ila wamewekwa nyuma ya mlango. Fundi anayekagua matairi usiku wakati abiria wamepungua, anayepima upana wa nafasi kati ya behewa na ukingo wa kituo, wanaokaa zamu mbele ya skrini. Septemba 2002, kabla treni ya Kennedy haijafunguliwa, kijana mmoja aliyekuwa akiiendesha kwa majaribio alifariki. Behewa lilikuwa limepakiwa vipande vizito vya zege vya kuigiza uzito wa abiria, na havikuwa vimefungwa. Treni ilipoacha njia, zege lile liliteleza mbele likambana. Treni ambayo leo inakwenda bila mtu ilifika hapo juu ya maisha ya mtu. Kila nikisikia ikisifiwa kwamba haihitaji binadamu, namkumbuka yeye ambaye simjui.

Heshima kwa watu hao ni pamoja na kutowanunulia mitambo ambayo hawataweza kuitunza. Birmingham, Uingereza, walifungua mwaka 1984 treni iliyoelea kwa nguvu za sumaku kati ya kiwanja na kituo cha reli, umbali wa kama mita 600. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake duniani kubeba abiria kibiashara, na nadhani waliohudhuria siku ile walijiona wako mbele ya dunia nzima. Walikuwa mbele kweli, na ndiyo ilikuwa shida: hakuna mwingine aliyekuwa na mitambo kama hiyo, vipuri vikawa vya shida, na mwaka 1995 ikafungwa. Abiria wakapanda basi kwa miaka, hadi mwaka 2003 treni ya kawaida zaidi, ya kukokotwa kwa kebo, ilipowekwa kwenye njia ileile ya juu. Inaendelea kufanya kazi. Newark, Marekani, nao wanajenga mfumo mpya kuchukua nafasi ya treni ya reli moja waliyoifungua mwaka 1996, iliyozidiwa na abiria na kuchakaa mapema. Mtu anayesaini mkataba wa mfumo wa kipekee asijiulize tu kama utafanya kazi siku ya ufunguzi. Ajiulize fundi atanunua wapi kipande kilichovunjika baada ya miaka ishirini.

Kuhusu nauli nitasema kidogo tu. Kule Kennedy huzunguki kwa malipo kati ya majengo ya abiria; unalipa unapotoka au kuingia kupitia Jamaica au Howard Beach, vituo vinavyokuunganisha na reli za jiji. Kwa mwenyeji hilo halina ugumu. Kwa anayefika mara ya kwanza, safari iliyokuwa bure inageuka ghafla kuwa lango linalodai kadi. Popote mlipoweka lango la namna hiyo, hapo hasa ndipo mahali pa kwanza pa kumweka yule mtu mwenye sare ninayemwomba.

Turudi kwenye sauti. Siku hizi sauti za treni zenu ni nzuri, zimenyooka, hazina kelele. Tatizo ni kwamba zinasema kwa lugha chache na zinasema mambo mengi mno: shika nguzo, simama mbali na mlango, kituo kinachofuata, mashirika ya ndege yanayotumia jengo hili, asante. Masikio ya mgeni yanazama. Hakuna kiwanja kitakachosema lugha zote za dunia, na sidai hivyo. Ila picha hazina lugha. Rangi moja kwa kila jengo, ileile kwenye pasi ya kupandia ndege, kwenye ukuta wa kituo na juu ya mlango wa treni, ingemwokoa mama yangu hata bila mtu. Angeshika karatasi yenye kijani akashuka penye kijani. Zurich wana jambo linalonifurahisha kila ninapolifikiria: treni yao ya chini ya ardhi inayokwenda kwenye jengo la mbali, iliyofunguliwa mwaka 2003, humsikilizisha abiria sauti za ng'ombe na kengele zao akiwa handakini. Watu hutabasamu, watoto huangaliana. Aliyeamua hivyo alikumbuka kwamba ndani ya behewa kuna watu wenye uchovu na wasiwasi. Hicho ndicho kipande cha kazi ya pili, na kiligharimu spika tu.

Kwa asiyeona na asiyesikia, hali ni ngumu kuliko ya mama yangu, na sistahili kuwasemea wakati wao wenyewe wapo na wanaweza kusema. Waulizeni kabla ya kujenga. Nitasema jambo moja tu ambalo nimeliona kwa macho yangu: behewa lenye viti vichache sana, kwa hoja kwamba safari ni ya dakika mbili. Mzee mwenye begi kila mkono hana mkono wa tatu wa kushika nguzo, na treni haimngoji ashike. Dakika mbili zinatosha kabisa kuanguka.

Baadhi yenu bado mna nafasi. Los Angeles walianza mwaka 2019 kujenga njia ya kilomita 3.6 yenye vituo sita, kuondoa foleni ya magari ambayo kila aliyefika kiwanja kile anaikumbuka. Viwanja vingine viko kwenye michoro. Ninyi nyote, mnapokaribia siku ya ufunguzi, huwa mnaita watu wa kujitolea waje na mabegi wajifanye abiria, mpime kama milango inatosha na matangazo yanasikika. Ni desturi nzuri. Tazameni ni nani huja: vijana, familia za wafanyakazi, watu wa eneo hilo wanaojua lugha na waliokwisha kupanda treni za namna hiyo mara nyingi. Wote wanafaulu mtihani, nanyi mnafurahi.

Safari ijayo waiteni wazee ambao hawajawahi kupanda chombo kisicho na dereva. Waiteni wasioijua lugha ya tangazo. Wapeni pasi ya ndege ya uongo yenye lango la upande wa pili, mwaache bila mtu wa kuwaelekeza, mkae kwenye chumba cha udhibiti muwaangalie kwenye zile kamera. Hesabuni wangapi wanashuka mahali pao, na wangapi wanaendelea kukaa. Simamisheni treni katikati ya njia kwa dakika kumi mkiwa nao humo ndani, na ninyi wakurugenzi mwe miongoni mwao. Mkitoka hapo mtajua mnahitaji watu wangapi vituoni, na hamtahitaji barua yangu.

Mama anakuja tena mwaka huu. Nimejaribu kumtafutia njia nyingine lakini tiketi anayoimudu inapita kwenye kiwanja kilekile. Nimemchorea vituo kwenye karatasi, nimehesabu naye kwa vidole, amenihakikishia kwamba sasa anaelewa. Namwamini. Hata hivyo namjua: atakaa kiti cha karibu na mlango, begi mapajani, na kila milango itakapofunguka atainua macho kumtafuta kondakta.

Wenu kwa heshima,
Mtoto wa abiria